Natumia Clomid na jumamosi kuna harusi, glasi moja ya waini ina shida?

Subira_N: Habari zenu wapendwa, naomba msaada kwa aliyepitia hii. Nimeanza Clomid, ile dawa ya kusaidia yai kutoka, mwezi huu, 50 mg, nimeambiwa nimeze siku ya 3 mpaka ya 7 ya mzunguko na leo nimemeza cha nne. Sasa jumamosi mdogo wangu anaolewa, mi niko meza kuu, glasi ikipita nikiiacha najua minong'ono itaanza "eeh kumbe kuna habari", na habari yenyewe mwaka wa tatu huu sina. Je glasi moja inaua nguvu ya dawa? Daktari sikumuuliza, nilitoka pale na karatasi mkononi kichwa kimejaa.

MamaWawili: Pole mdogo wangu, hayo macho ya watu nayajua. Pombe haiizimi dawa, shida ni mwili wako. Clomid peke yake inaleta joto la ghafla, kichwa kuuma, kizunguzungu, wengine macho yanaona ukungu. Mi mzunguko wa kwanza nilikunywa bia mbili usiku wa kidonge cha tatu, niliamka saa nane shuka limelowa jasho, nikisimama ukuta unazunguka, na hapo sijui nilaumu dawa au bia. Halafu usidhani ukimaliza cha tano imeisha, inabaki mwilini siku kadhaa. Na kama ini lina tatizo waambie mapema maana hata Clomid yenyewe haifai.

Tumaini_K: Dada kuna kidonge kingine unameza nayo? Nauliza kwa sababu wengi wenye vifuko kwenye ovari tunapewa na metfomini, ile dawa ya sukari, na hiyo na pombe nyingi haviendani kabisa, asidi inaweza kupanda kwenye damu mpaka mtu akalazwa, na sukari inaweza kushuka. Bromokriptini, ile ya kushusha homoni ya maziwa, nayo hivyohivyo, kichefuchefu na kizunguzungu vinazidi. Kwa hesabu yako jumamosi ni kama siku ya 10, yai mara nyingi linatoka siku 5 mpaka 10 baada ya kidonge cha mwisho, kwa hiyo kati ya siku ya 12 na ya 17. Kuanzia hapo mi naomba usiguse kabisa, zile wiki mbili za kusubiri unaweza kuwa umeshashika na hujui, na hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mimba.

BabaMtarajiwa: Shemeji anakunywa? Tunawabebesha wake zetu vidonge tukisahau mbegu zetu zinachukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, na pombe nyingi inazichosha. Mi nilikuwa mtu wa kila wikiendi, mke wangu anameza dawa anatapika mi niko baa, roho inaniuma mpaka leo. Acheni wote wawili.

Subira_N: Asanteni sana, nimelia kidogo. Ndio nina metfomini, asubuhi na jioni, na hakuna aliyeniambia. Nimepiga simu kliniki nesi kasema pombe niiache tu. Mume wangu kasoma hapa akanyamaza, baadae akaniambia jumamosi atakaa pembeni yangu na glasi zetu zote mbili zitakuwa na juisi ya zabibu, anayetaka kuuliza amuulize yeye.