Naomba ushauri: Mama anataka kutuusia, kaka zangu hawataki kusikia

Habari zenu wanajukwaa, poleni na majukumu.

Mama yangu ana saratani ya mlango wa kizazi, imeshasambaa. Mionzi ilimalizika hospitali ya saratani ya Ocean Road, sasa tunamuuguza nyumbani Mbagala kwa morfini ya maji (dawa ya maumivu makali), kila baada ya saa nne. Asubuhi maumivu yakitulia, akili yake iko sawa kabisa. Ndipo anapotaka kuongea: nani anamdai, nani alimfaa kwenye shida, na jinsi anavyojuta kununiana na mama mdogo kwa ajili ya kiwanja cha Chanika. Juzi alinishika mkono akasema, "Kile kiwanja mpaka leo kina majani tu."

Kaka zangu wakisikia wanamkatiza, "Mama acha uchuro, utapona." Ananyamaza, anageukia ukutani. Inaniuma sana. Nimeongea nao, hata shehe wetu aliwaeleza kuwa wasia ni jambo la dini. Wakaitikia tu.

Mliouguza wazazi, mliwaambiaje ndugu mpaka wakamwacha mgonjwa aseme yaliyo moyoni? Na mama mdogo, nimwite aje, au nimuulize mama kwanza?

Natanguliza shukrani.