Usonji ukubwani unapimwaje?

Muulizaji: Wadau, mtu mzima akihisi ana usonji anapimwaje, kuna kipimo cha damu au picha ya ubongo? Nina miaka 34, nimechoka kubahatisha.

Jibu: Damu haihusiki kabisa, wala picha ya ubongo. Ni maongezi marefu na wataalamu, wanauliza mpaka ulivyokuwa unacheza utotoni kwa sababu dalili lazima ziwe zilianza mapema hata kama zilijificha, mi nilienda na mama ndo akakumbuka vitu nilivyosahau.

Jibu: Ile AQ, dodoso la kujijazia mwenyewe la maswali 50, ni ya kuchuja tu, usijipe jibu nayo. Wataalamu wengine wanatumia ADOS-2, kipimo cha kukuangalia unavyoongea na kuhusiana na mtu, moduli ya 4 ndo ya wakubwa.

Muulizaji: Na kama nimezoea kuficha dalili kwa kuigiza wengine mbele za watu?

Jibu: Waambie hivohivo, la sivyo wataona uigizaji tu. Wanaangalia pia wasiwasi na ADHD (shida ya umakini na kutotulia), vinafanana sana na usonji aisee.