Wakuu naomba ushauri: perege wangu wanakufa alfajiri, nihamie kambale?

Mchanga_Mto (mleta uzi):
Wakuu habari za jioni. Nina mfumo mdogo wa akwaponiki (samaki na mboga kwa maji yaleyale) nyuma ya nyumba: tangi la lita 500, juu yake kitanda cha kokoto chenye spinachi na nyanya ambazo sasa zina matunda ukubwa wa gololi. Pampu inapandisha maji kwenye kokoto, yakijaa yanashuka yenyewe tangini kwa saifoni. Niliweka vifaranga 60 vya perege. Leo siku ya tano, kila nikiamka nakuta watatu wanne wanaelea, na walio hai wamejazana juu wakifungua na kufumba midomo. Ikifika mchana wako sawa kabisa, wanakula kama hakuna msiba. Maji masafi, unaona mpaka chini.

Swali langu ni moja tu: nikiachana na perege nikaweka kambale, mfumo utakubali? Nasikia kambale hafi ovyo.

Jogoo Halali:
Weka picha.

Babu wa Mizizi:
Samaki waache kwanza, spinachi zikoje? Majani machanga yakiwa ya njano huku mishipa imebaki kijani, huo ni upungufu wa madini ya chuma. Chakula cha samaki hakina chuma ya kutosha mimea, lazima uongeze ile ya kuyeyusha ya wakulima, ya chelate. Usitupe misumari tangini kama mimi mwaka wangu wa kwanza. Kutu ilikaa chini pale miezi, mimea haikupata kitu, na siku ya kusafisha tangi nilijichoma kidole mpaka nikashonwa. Kidole chenyewe hadi leo kikipata baridi

Babu wa Mizizi:
(imejituma kabla sijamaliza) kinauma.

mama_wawili:
Mfumo una muda gani? Samaki anatoa amonia, nyingi kupitia matamvua. Bakteria wanaokaa kwenye kokoto wanaigeuza kuwa nitriti, wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo ndiyo mmea unakula. Bakteria hao hawaji siku moja, wanachukua wiki 4 hadi 6 kujijenga. Halafu amonia haina rangi, kwa hiyo maji kuwa masafi hakutuambii kitu. Umepima?

Mchanga_Mto:
Dada, una wiki tatu. Samaki niliwaweka siku ya tatu. Sijapima ila nitatafuta kipimo. Lakini kama ni amonia, mbona mchana wazima?

Mzee Kauli:
Shida ya vijana ni haraka. Sisi tulichimba bwawa kwa jembe, tukasubiri mvua. Leo mtu anataka samaki na mboga kwenye pipa moja ndani ya wiki tatu.

Kisima Kirefu:
Hilo la alfajiri ndilo la kuuliza swali. Mleta uzi, pampu inafanya kazi usiku kucha?

Mchanga_Mto:
Pampu ni nzima mkuu, mpya kabisa.

Kisima Kirefu:
Sijauliza kama ni nzima.

Mchanga_Mto:
Sawa. Naizima saa nne usiku, naiwasha nikiamka saa kumi na mbili. Ila msikimbilie kunihukumu. Tangi liko chini ya dirisha la chumbani, na saifoni kila dakika kumi na tano inakoroma ikimaliza maji. Mke wangu alivumilia wiki mbili, ya tatu akasema basi. Nikajiambia samaki nao wanalala, wakilala wanahitaji nini?

Jogoo Halali:
Kuvuta pumzi 😂

Tunu:
Afadhali saifoni mnaizima. Mimi wangu hana swichi.

Kisima Kirefu:
Umejijibu mwenyewe. Ulianza kuzima wiki iliyopita, vifo vimeanza wiki iliyopita. Maji yakishuka tangini yanabeba hewa. Ukizima, hakuna kinachoingiza oksijeni, na samaki, mizizi na bakteria wote wanaendelea kuitumia ileile iliyobaki. Kabla tu ya mapambazuko ndipo inakuwa chini kabisa. Maji ya joto yanabana zaidi: kwenye nyuzi 20 lita moja inashika oksijeni kama miligramu 9, kwenye 30 inashika 7 na nusu tu, na perege utamtaka asishuke chini ya 5.

Kelele inatibika. Kinachokoroma ni saifoni, pampu haina kosa. Usiku toa hilo bomba la saifoni, weka bomba fupi la wima, maji yamwagike mfululizo bila kujaa na kuisha. Au nunua pampu ndogo ya hewa yenye jiwe lake, iweke juu ya kipande cha sponji. Na usilishe jioni. Mama_wawili naye yuko sahihi, pima amonia na nitriti, wiki ya tatu ni wiki mbaya.

Mchanga_Mto:
Nimekuelewa mkuu. Ila si ndiyo maana nasema kambale? Yule anapanda juu anavuta hewa. Hata pampu ikilala yeye anaishi. Na kusema ukweli nimeshaongea na mtu, malipo ya awali nimetoa.

mama_wawili:
Kumbe ushauri ulishajipa, huku umefuata baraka. Kambale ataishi, sawa, na bakteria je? Hao hawapandi juu kuvuta hewa.

Shahidi Na. 2:
Wakuu mnachoshwa bure. Hii ni chai. Mtu kajiunga jana, uzi wake wa kwanza. Mfumo una wiki tatu, nyanya zina matunda ukubwa wa gololi. Nyanya gani hiyo? Mbegu mpaka tunda ni zaidi ya miezi miwili. Picha kaombwa mwanzoni kabisa, kimya. Mwezi jana kuna mwingine alikuja na kuku wanaotaga mara mbili kwa siku, mkamshauri kurasa nne.

Jogoo Halali:
Duh. Kweli picha sijaona.

Mzee Kauli:
Nilijua. Mtu mkweli haanzi na kambale.

Babu wa Mizizi:
Yule wa kuku mimi nilimtumia mpaka namba ya daktari wa mifugo.

Mchanga_Mto:
Ndugu zangu, nyanya sikuzipanda kwa mbegu. Nilizihamisha kutoka kwenye ndoo zikiwa na maua tayari, nikaosha udongo kwenye mizizi. Picha simu yangu haina kioo cha kamera, kimepasuka. Ningetunga hadithi ningejipa samaki wazima.

Shahidi Na. 2:
Kioo kimepasuka. Ongeza sukari.

Kisima Kirefu:
Awe mkweli au mtunzi, mtu mwingine mwenye tatizo hili atasoma. Mleta uzi, leo usizime. Usiku mmoja tu. Kesho hesabu.

Mchanga_Mto:
Wakuu nimerudi. Sikuzima, niliweka bomba fupi la wima kama ulivyosema, mke wangu amelala. Asubuhi hakuna hata mmoja anayeelea, wala aliyepanda juu. Mungu akubariki Kisima.

Ila kuna kitu sikielewi. Jana jioni nilihesabu perege 42. Leo nimerudia mara tatu, 33. Mzoga hata mmoja hakuna, wala juu, wala chini, wala kwenye kokoto. Paka hafiki, kuna wavu.

mama_wawili:
Kambale hujaweka, si ndiyo?

Mchanga_Mto:
Yule mtu alipita jana usiku. Sikuchukua wote.

Kisima Kirefu:
Wangapi, na wana ukubwa gani?

Mchanga_Mto:
Watano tu, wa kujaribu. Shubiri moja na nusu hivi.

Shahidi Na. 2:
Naomba radhi kwa mleta uzi. Hii mtu hawezi kutunga.