Mazingaombwe gani yanafaa watoto wa miaka 3?

Mama wa Igoma:
Habari za jioni wadau. Jumamosi mwanangu anatimiza miaka 3, wageni wake ni watoto wa majirani, mkubwa ana 5. Mjomba wao amejitolea kuwachezea karata. Mimi nina wasiwasi. Kuna kiinimacho chepesi zaidi? Keki imeshanimaliza mfuko.

Mwalimu wa Kirumba:
Karata mjomba akachezee kijiweni. Mtoto wa miaka 3 hajui kopa wala shupaza, atashangaa nini?

Chekechea wangu nawapa hii: sahani nyeupe yenye maji, nyunyiza pilipili manga ya unga juu. Mmoja achovye kidole. Kimya. Sasa chovya chako, ulichokipaka kwa siri sabuni ya kuoshea vyombo. Pilipili yote inakimbilia ukingoni, kama dagaa walioona sangara! Sabuni inalegeza uso wa maji pale katikati, maji ya pembeni yanavuta. Watataka tena, basi osha sahani na uweke maji mapya, maana yenye sabuni hayakubali mara ya pili. Kidole chenye pilipili kisifike machoni.

Dada Nyegezi:
Sarafu ya kutoka sikioni nayo wanaipenda, ila usiwaachie, wataitia mdomoni. Mimi natumia kijiko.

Mama wa Igoma:
Asanteni. Niwachezee muda gani?

Mwalimu wa Kirumba:
Dakika kumi, kisha fungulia muziki. Mjomba mpe kazi ya kugawa soda.