Beki kijana wa Dodoma: abaki apate namba, au aende Dar akasugue benchi?

Wakuu, mjadala huu umeanzia nyumbani kwetu Nkuhungu na bado haujaisha. Mpwa wangu ana miaka 20, beki wa kati, ana namba ya kudumu kwenye timu ya daraja la chini hapa mkoani. Wakala amekuja na ofa ya timu kubwa ya Dar. Mimi nasema asiende, angalau kwa misimu miwili.

Sababu yangu ni kazi yenyewe ya ubeki. Straika wa benchi huingizwa dakika ya 75, akifunga watu wanamwimba wiki nzima. Beki wa kati nani anamwingiza? Kocha haigusi safu yake ya ulinzi mpaka mtu aumie au alambwe kadi nyekundu. Beki wa akiba anaweza kumaliza msimu akipasha misuli tu. Na ubeki hauishii mazoezini. Lini mpande kuweka mtego wa kuotea, lini umwachie kipa, lini ubutue jukwaani, hayo unayajua vizuri ukishafungisha. Pale uwanja wa Jamhuri upepo peke yake ni mwalimu: mpira mrefu unaodhani unakuja kichwani unaangukia hatua mbili nyuma yako. Kijana wetu alifungisha hivyo mara mbili. Mara ya tatu alianza kurudi nyuma kabla mpira haujashuka.

Tazameni waliofanikiwa. Bakari Mwamnyeto alikomaa Coastal Union kabla ya Yanga kumchukua mwaka 2020. Dickson Job alitokea Mtibwa Sugar, Ibrahim Hamad "Bacca" alitokea KMKM ya Zanzibar. Walifika wakiwa mabeki tayari. Na tangu idadi ya wachezaji wa kigeni ifike 12 kwa timu, kijana asiyekomaa anagombea namba na watu waliokwisha kucheza michuano ya Afrika.

Kaka yangu hakubali kabisa. Anasema posho ya timu ya huku huja ikijisikia, na dau la usajili lingemaliza nyumba ya mama yake. Kisha akaniuliza: "Goti likipasuka kesho, hizo dakika zako zitamlipia karo mdogo wake?" Hapo nilinyamaza. Siku ya tatu leo nalifikiria swali hilo, kwa sababu ni la haki.

Ninachoweza kumjibu ni kwamba beki ana muda. Shomari Kapombe, mzaliwa wa 1992, ndiye aliyeifungia Taifa Stars bao la ushindi dhidi ya Mauritania kwenye CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Agosti 2025. Alikuwa na miaka 33.

Kwa hiyo nimelegeza kidogo: asaini, lakini mkataba uandike kwamba asipopata namba nusu msimu, dirisha dogo la usajili atolewe kwa mkopo. Hata Dodoma Jiji ingetosha. Tangu ipande Ligi Kuu mwaka 2020 imekuwa ikikutana na washambuliaji wa Simba, Yanga na Azam, na mama yake angekuwa anamwona jukwaani. Wakala anasema timu kubwa hazikubali kipengele kama hicho kwa mtoto asiye na jina.

Ni kweli? Mwenye ndugu aliyepita njia hii aseme: kipengele cha mkopo kiliandikwa, na kiliheshimiwa? Wakala anarudi Jumamosi.