Kichocho Ukerewe: kung'oa majani mwaloni kunasaidia kweli?

Mwalimu wa Kisiwani
Wakuu, heshima kwenu. Nafundisha darasa la nne hapa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, na ndimi mwalimu wa afya wa shule. Siku ya dawa za kichocho nashika ile fimbo ya kupimia urefu, mtoto anasimama, alama inaniambia vidonge vingapi. Uji lazima uwe tayari. Mwaka mmoja ulichelewa tukawapa dawa na njaa zao, wakatapika wengi mno. Sijasahau.

Kinachoniuma ni kwamba saa nane mchana wale wale wako mwaloni, ufukweni mwa ziwa, wanaoga na kusuuza masufuria. Kuna kijana wangu alitibiwa mwaka jana, mwaka huu ana damu tena kwenye choo. Bomba tunalo, ila hukauka hata wiki mbili.

Nimesikia huko Senegal waling'oa majani ya majini na kichocho kikapungua. Ni kweli? Na sisi tuanze na magugu maji yetu?

Fundi Maabara, Mwanza
Mwalimu, ni kweli. Utafiti ulitoka katika jarida la Nature mwaka 2023, ukiongozwa na Jason Rohr wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani. Watoto walitibiwa kwanza, kisha vijiji vingine vikang'olewa majani kwenye sehemu za kuchotea maji, vingine vikaachwa. Kule kulikoachwa, maambukizi ya kichocho cha tumbo yalikuwa juu kwa asilimia 124. Konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho hujificha na kula kwenye majani hayo, na mbolea inayotiririka kutoka mashambani ndiyo inayoyanenepesha.

Kijana wako wala usimlaumu. Praziquantel, hiyo dawa mnayowapa, huua minyoo iliyokomaa, haimkingi mtu akirudi majini kesho yake. Na hiyo saa nane ni mbaya hasa, kwani vijidudu hutoka kwa konokono kwa wingi jua likiwa kali.

Ila majani ya Senegal ni yale yanayoota chini ya maji, si magugu maji yanayoelea. Konokono wetu hukaa kwenye magugu maji pia, lakini siwezi kukuahidi asilimia zile zile.

Mvuvi Mstaafu
Naomba kupinga kidogo. Mkianza kufyeka matete ufukwe mzima, sato wadogo watajificha wapi? Nimevua miaka mingi, najua walipo.

Fundi Maabara, Mwanza
Mzee wangu, umesema jambo kubwa. Kisafishwe kipande cha kuchotea na kuogea tu. Matete mengine yabaki.

Na Mwalimu, tafadhali, wanafunzi wasiingie kung'oa! Ndiko waliko konokono. Waingie watu wazima wenye buti ndefu na glovu, majani yarundikwe mbali na maji. Senegal waliyageuza mboji ya vitunguu na pilipili, mengine wakalisha kondoo.

Mama wa Wawili
Mimi mwanangu ana miaka mitatu, hajafika shule. Namwogesha kwenye beseni nyumbani, ziwani hashuki. Yuko salama?

Fundi Maabara, Mwanza
Kama maji yametoka ziwani muda huo huo, hapana dada. Chota leo, funika, yalale siku mbili ndipo umwogeshe. Vijidudu vikikosa mtu, hufa. Ipo pia dawa ya wadogo kuanzia miezi mitatu, arpraziquantel, iliyojaribiwa Kenya na Ivory Coast na kukubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2024. Ulizia kituo chenu cha afya kama imefika.

Mwalimu wa Kisiwani
Asanteni sana. Nimepima leo jioni: wanapochota ni hatua 34, kuanzia jiwe la kufulia hadi mitumbwi inapoegeshwa. Nimemwandikia mwenyekiti wa kijiji, nikaomba buti jozi sita. Masufuria tutaanza kuyasuuza kwa maji yaliyolala, mapipa mawili tunayo shuleni.