OpenRewrite imebadilisha testi zangu za eksepsheni, zote kijani, lakini siziamini

Wakuu, habari za kazi. Nina mradi wa zamani, testi zaidi ya 400 za JUnit 4 (maktaba ya kupima kodi ya Java). Nyingi zinapima eksepsheni (kosa ambalo kodi inalirusha ikikwama) kwa @Test(expected = ...), na kuzibadilisha moja moja kwa mkono siwezi. Nimeendesha OpenRewrite, zana inayobadilisha kodi yenyewe, izipeleke JUnit 5. Zote zimepita, ila nyingi zimekuwa hivi:

assertThrows(IllegalArgumentException.class, () -> {
    Akaunti a = new Akaunti(5000, sms);
    a.toa(9000);
    verify(sms, never()).tuma(any());
});

Mwili mzima wa testi umeingia ndani ya lamda (kile kipande baada ya () ->). Niache?

Jibu 1
Usiache, mkuu. OpenRewrite imetunza maana ya zamani tu: expected nayo ilikubali eksepsheni kutoka mstari wowote. Siku mtu akiweka ukaguzi kwenye konstrakta ya Akaunti (kodi inayoiunda), ikarusha IllegalArgumentException, testi itapita na toa() haijaguswa. Matayarisho yakae juu, ndani ya lamda ubaki mstari mmoja tu, a.toa(9000). Kwangu nilipofanya hivyo testi tatu ziligeuka nyekundu. Miaka yote zilikuwa zinaangukia kwenye matayarisho, na sisi tunashangilia kijani.

Kompaila ikigomea kigeu kilichopewa thamani mara mbili, kipe jina jipya, lamda haikipokei.

Jibu 2
Naongezea: huo mstari wa verify, unaohakikisha SMS haikutumwa, haujawahi kukimbia hata siku moja. toa() ikisharusha, kinachofuata hakifikiwi. Ushushe chini ya assertThrows. Waliotumia ExpectedException (njia nyingine ya JUnit 4 ya kupima eksepsheni) wana shida hiyohiyo, na hiyo JUnit 4.13 yenyewe imeshaitangaza kuwa imepitwa.

Safari nyingine anza na mvn rewrite:dryRun. Inakuandikia faili la mabadiliko, unalisoma kabla kodi haijaguswa.

Mleta mada
Ahsanteni sana wakuu. Nimeshusha verify nikaendesha: nyekundu palepale. Nimefungua toa(), na kweli, sms.tuma() iko mstari wa juu, ukaguzi wa salio uko chini yake. Mteja asiye na salio anapata ujumbe kwamba ametoa 9000, halafu ndipo tunamkatalia. Kodi hii iko hewani tangu 2019. Narekebisha hiyo usiku huu, testi zilizobaki kesho.